Viwanja vya kumbi kuukuu: tupewe uwanja na paa, kuta zingoje

Kwa Mhariri,

Kila vikao vya maoni ya bajeti vinapoitishwa huku Vihiga na Kakamega, magharibi mwa Kenya, ombi la ukumbi wa kijamii halikosi. Na mara nyingi waombaji ni wakazi wa mahali ambapo ukumbi upo tayari. Upo, ila paa limeng'olewa, milango imekwenda, sakafu imegeuka zizi la mbuzi, na kiwanja chake kuna jirani amekipanda nepia, nyasi ya kulishia ng'ombe. Wanachotaka ni gofu hilo libomolewe, mahali pake pasimame "ukumbi wa kisasa" wenye dari, vigae na madirisha ya vioo.

Sisi tunaoandika ni mafundi ujenzi na wapimaji ardhi, na tunapinga ombi hilo jinsi linavyoandikwa. Kumbi hizi hazikuuawa na uzee wa kuta. Ukuta wa matofali uliofunikwa vizuri hupita miaka 60 bila taabu. Kilichoziua ni kwamba zilikuwa vyumba vya kufuli, na aliyelipwa kushika funguo alipoacha kulipwa, mlango ukabaki umefungwa, bati moja likapeperuka, hakuna aliyelirudisha. Mkijenga chumba kingine cha kufuli papo hapo bila fungu la matunzo, mtapata gofu jipya lenye vigae. Badala yake tunapendekeza uwanja mmoja wa michezo uliojengwa sawasawa, banda la paa lisilo na kuta, chumba kimoja kidogo cha kufunga, maji na choo.

Ardhi hapa ni finyu. Sensa ya 2019 iliihesabia Vihiga watu 590,013, yaani zaidi ya 1,000 katika kila kilomita ya mraba. Kiwanja cha ukumbi mara nyingi ni robo au nusu ekari. Nusu ekari ni mita za mraba 2,023. Uwanja kamili wa kandanda, hata ule mdogo kabisa wa mechi za kimataifa, mita 100 kwa 64, unataka ekari moja na nusu na ushei, kwa hiyo wanaoahidi kandanda hapo hawajapima. Kinachoingia ni uwanja wa mita 32 kwa 19, ambao kwa rangi tofauti za mistari unabeba voliboli (mita 18 kwa 9, pamoja na mita 3 za nafasi kila upande), mpira wa vikapu (28 kwa 15) na netiboli (30.5 kwa 15.25). Netiboli ndiyo itakayobanwa kidogo, ndiyo maana ardhi inayouzunguka uwanja isawazishwe kwa maramu (udongo mwekundu wa changarawe) usawa mmoja na zege, asije mchezaji akakanyaga ukingo akavunjika kifundo.

Kabla ya hayo yote kuna karatasi, na hapo ndipo miradi hukwama wakati hela imeshatengwa. Viwanja vya kumbi vilipatikana kwa njia mbili. Vingine vilitengwa na halmashauri za wilaya kando ya soko au kambi ya chifu. Vingine vilitolewa na ukoo kwa mdomo, wazee wakapanda miti ya mpaka, basi. Halmashauri hizo zilikoma Machi 2013 serikali za kaunti zilipoanza, na mali yao ikawa ya kurithiwa na kaunti. Ila kwenye sajili kuna vipande ambavyo bado vina jina la halmashauri isiyokuwepo, na kuna vile vya ukoo ambavyo havijawahi kukatwa kutoka shamba la aliyevitoa. Mwenye hati ni babu aliyefariki, na wajukuu wakiambiwa kipande kile ni cha umma wanauliza karatasi iko wapi. Wana haki ya kuuliza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi chukueni nambari ya kiwanja kwenye ramani ya ofisi ya upimaji, mkafanye upekuzi rasmi kwenye masjala ya ardhi. Likitoka jina la halmashauri ya zamani, ni jukumu la kaunti kuomba iandikishwe kama mrithi wake. Likitoka jina la marehemu, kesi ya mirathi itangulie, ndipo wenye urithi wakubali kwa maandishi, kipande kikatwe, Bodi ya Udhibiti wa Ardhi itoe kibali kwa kuwa ni shamba, na uhamisho usajiliwe. Hilo huchukua miezi mingi, pengine miaka, na halina njia ya mkato. Mwanasiasa anayesema "tujenge, hati itakuja" anawaandalia kesi. Kama kiwanja hakijawahi kupimwa kabisa, ombeni kaunti itume mpimaji, bikoni (alama za mpaka) zisimikwe kwa zege, na majirani wote pamoja na liguru (mzee wa kijiji) wawepo siku hiyo waone kila moja ilipo.

Kuhusu aliyepanda nepia: akisema amelima hapo zaidi ya miaka 12 na kwa hiyo ni pake, ajue kwamba kanuni hiyo ya miaka 12 haigusi ardhi ya umma. Hata hivyo apewe notisi ya maandishi na muda wa kuvuna. Ni rahisi kuliko kufyeka mazao ya mtu kisha kukutana naye mahakamani.

Sasa tufike kwenye jengo lenyewe. Kabla hamjamwita kijana apande juu kung'oa mabati yaliyosalia, hakikisheni ni mabati. Majengo mengi ya umma ya zamani yaliezekwa kwa asbesto. Utalitambua bamba lake kwa rangi ya kijivu, mawimbi mapana, unene wa milimita 6 hivi, uzito wake, na kwamba halina kutu bali limeota kuvu na nyasi ndogondogo. Ukiligonga linatoa sauti butu kama ya kigae. Likiwa zima halina neno kubwa. Hatari iko kwenye vumbi lake, nyuzi zisizoonekana kwa macho zinazoingia mapafuni na kuleta saratani miaka 20 hadi 40 baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka siku ile ya kubomoa. Kwa hiyo halikatwi kwa msumeno, halitobolewi, halitupwi chini kutoka juu, halifagiliwi likiwa kavu, na vipande vyake havipelekwi kujaza mashimo ya barabarani. Watoto nao wakatazwe kuvirusha motoni. Wanapenda kufanya hivyo kwa sababu vinapasuka kwa kishindo.

Kuliondoa ni kazi ya mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, na kaunti iiweke kama kazi tofauti kwenye makadirio, si "kubomoa" kwa jumla. Mtakachokagua ni hiki: mabamba yaloweshwe maji yenye sabuni kidogo, bolti ndizo zikatwe, bamba lenyewe lisiguswe na msumeno, literemshwe kwa mikono, lifungwe kwa karatasi ya nailoni nzito mara mbili, lipewe maandishi ya onyo na lipelekwe jaa lililoidhinishwa. Kitambaa cha kufunika pua hakizuii chochote hapo. Barakoa inayofaa ni ile ya daraja la P3. Udongo uliokuwa chini ya michirizi ya paa hilo ukwanguliwe sentimita chache na uende pamoja nayo, maana miaka yote ya mvua imeshusha nyuzi pale pale ambapo watoto watacheza.

Kuta nazo zina maswali matatu. La kwanza, timazi: tundika uzi wenye uzito kutoka juu ya ukuta wa mita 3; ukiwa umeinama zaidi ya sentimita 2 na nusu, usiutegemee kubeba paa. La pili, chokaa kati ya matofali: kwaruza kwa msumari wa inchi 4. Ukizama bila nguvu, ni udongo au mchanga uliochoka, na ukuta huo unasimama kwa mazoea tu. La tatu, nyufa. Ufa mwembamba wa plasta haujalishi. Ufa unaopanda ngazi kwa ngazi kutoka pembe ya dirisha, kalamu ikaingia ndani, unasema msingi umeshuka upande mmoja. Bandika kipande cha kioo juu yake kwa saruji, andika tarehe, kiache msimu mzima wa mvua za Machi hadi Mei. Kioo kikikatika, ukuta bado unatembea. Angalia pia kama kuna mikalitusi karibu: mizizi yake hunyonya maji chini ya msingi wakati wa kiangazi, udongo wa mfinyanzi ukanywea, na mvua ikirudi unavimba upya. Ikatwe ile iliyo ndani ya mita 15. Mahali pake panda lusiola au grevilea kwa kivuli. Mwembe usipande karibu na banda, kwa sababu mawe yanayotupwa kuangusha maembe ndiyo yanayotoboa paa.

Kwa kawaida utakuta kuta hazifai na sakafu inafaa. Igonge sakafu yote kwa nyundo ya ratili mbili, hatua kwa hatua. Panapotoa mlio wa debe tupu, chini pamekuwa shimo, la mchwa au la maji. Katia hapo mraba, jaza mawe na maramu, shindilia, mwaga zege jipya. Sakafu ya mita 8 kwa 18 iliyonusurika namna hiyo ni akiba ya mita za ujazo 14 na zaidi za zege, na ndiyo itakayokuwa chini ya banda.

Jambo ambalo halimo kwenye ramani yoyote ni vyoo vya zamani. Ukumbi uliotumika miaka 40 au 50 umechimbiwa choo zaidi ya kimoja, na vilivyojaa vilifukiwa kwa takataka na udongo juu juu. Waulizeni wakongwe vilikuwa wapi, kisha chomeni eneo lote la uwanja kwa nondo ya mita 2 yenye ncha, kila baada ya mita moja. Inapozama ghafla, simamisheni kazi. Shimo hilo lichimbuliwe hadi kwenye udongo mgumu, lijazwe mawe makubwa chini na madogo juu, kisha maramu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ikishindiliwa ikiwa na unyevu. Mkandarasi akimwaga zege juu ya shimo lililofukiwa ovyo, mwaka wa pili uwanja utakuwa na bakuli la maji katikati, na kuna siku bakuli hilo litafunguka mtu akiwa juu yake.

Uwanja uelekee kaskazini na kusini kwa urefu wake. Huku kwetu, ikweta ikiwa pale Maseno, jua la saa kumi na moja jioni linapiga moja kwa moja kutoka magharibi, na huo ndio wakati vijana wanacheza. Ondoeni udongo wa juu wenye mizizi, sentimita 20 hadi 30, msiuuze, utarudi kwenye kingo za nyasi. Panga mawe ya msingi sentimita 15. Mawe ya matale ya Maragoli ni mazuri mno kwa kazi hii na yako karibu. Ziba nafasi kwa maramu au vumbi la kokoto, shindilia, tandaza nailoni, kisha zege la sentimita 10.

Hesabu yake ni hii. Mita 32 kwa 19 kwa unene huo ni kama mita za ujazo 61. Kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, kila mita ya ujazo inakula mifuko 6 na nusu hivi, kwa hiyo mradi mzima ni mifuko 400 ya kilo 50. Mkandarasi akileta 250 na kusema imetosha, uwanja utabanduka kama unga. Vipimo vifanywe kwa boksi la mbao la sentimita 33 kila upande, ambalo linalingana na mfuko mmoja wa saruji. Toroli si kipimo, kwani kila mpakiaji ana lundo lake. Na maji yawe ya kiasi. Zege linalomwagika kama uji ni rahisi kwa kibarua kulisawazisha, lakini maji yaliyozidi yakikauka yanaacha vinyweleo, na nguvu inashuka.

Gawa uwanja vipande 40 vya mita 4 kwa 3.8, mwage kimoja uruke kimoja kama miraba ya drafti, kila kipande mifuko 10. Nafasi kati ya vipande zijazwe lami. Bila viungo hivyo zege litajipasulia lenyewe popote linapotaka. Ndani yake uwekwe wavu wa chuma wa BRC namba A142, ukae juu ya vikalio vidogo vya zege. Hapa ndipo pa kumsimamia fundi kwa macho: wavu ukilazwa chini na mtu akasema "tutauvuta juu tukimwaga", hautavutwa, na chuma kilichoshikana na nailoni hakizuii ufa wowote.

Mteremko uwe mmoja tu, kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, sentimita 1 kwa kila mita, yaani sentimita 19 kwa upana wote. Uwanja ulioinuka katikati unapotosha urefu wa wavu wa voliboli. Upande wa chini pawe na mtaro uliofunikwa. Uso wa zege upigwe ufagio mgumu kabla haujakauka. Msikubali niru, ile saruji laini ya kusugua uso. Inang'aa siku ya uzinduzi, na mvua ikinyesha inateleza kama barafu. Kisha zege lifunikwe magunia na limwagiliwe siku 7 bila kuruka hata Jumapili, na lisichezewe hadi siku 28 zipite.

Kama hela haitoshi, anzeni na maramu ya sentimita 15 iliyoshindiliwa kwa tabaka mbili, mteremko sentimita 2 kwa mita. Itawafaa kwa voliboli, lakini kwa mvua za huku za milimita 1,800 hadi 2,000 kwa mwaka itahitaji kuongezwa na kupigwa rola kila Juni. Wekeni hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Milingoti ya wavu isipandwe moja kwa moja ndani ya zege. Bomba la inchi 3 lisimame ndani ya soketi, yaani bomba pana kidogo lililozamishwa sentimita 80, lenye tundu chini la kutolea maji na kifuniko juu. Milingoti iliyopandwa moja kwa moja huoza pale inapokutana na sakafu, na ile isiyotoka hukatwa usiku ikauzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ikae nusu mita hadi mita moja nje ya mstari wa pembeni, na iwe na matundu mawili ya kufungia wavu: mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake. Goli lolote la kuhamishwa lifungwe ardhini kwa mnyororo. Magoli yanayoanguka yanaua watoto wanaoning'inia.

Banda linaonekana jepesi, ndiyo maana hujengwa vibaya. Watu hudhani kazi ya nguzo ni kubeba paa lisianguke. Kwenye banda lisilo na kuta upepo unaingia chini na kulisukuma paa juu, na kazi ngumu ya nguzo ni kulishikilia lisiruke. Kwa hiyo nguzo zisisimamishwe juu ya sakafu ya zamani. Zichimbiwe pembeni, kila moja na kitako cha zege cha mita 1 kwa 1, kina cha mita 1.2, kwa sababu uzito wa kitako ndio nanga. Kwa urefu wa mita 18, nguzo 7 kila upande, mita 3 kati yake. Zege la sentimita 23 kwa 23 lenye nondo 4 za milimita 12 na pete kila sentimita 20. Bolti zitokeze juu ya nguzo kufungia kenchi (fremu za paa), na kila pao, yaani mbao inayopigiliwa mabati, lifungwe kwenye kenchi kwa bati la ukanda, si kwa msumari mtupu. Mabati yawe geji 28. Geji 30 ni nyembamba zaidi ingawa namba ni kubwa, na mvua ya mawe ya Kakamega inaijua. Mbao ziwe zilizotiwa dawa, na hakuna mbao yoyote inayogusa ardhi, maana mchwa wa huku hawahitaji kualikwa.

Paa likitokeza mita moja kila upande, linakuwa la mita 10 kwa 20. Mvua ya milimita 10 juu yake ni lita 2,000. Toa zinazopotea, lita 1,600 zinaingia tangini. Tangi la lita 10,000 linajaa kwa milimita 60 na ushei, ambazo Aprili huzipata kwa siku chache. Hayo ni maji ya kunawa na kusafisha choo, si ya kunywa bila kuchemshwa.

Kuna upungufu mmoja wa banda ambao hatutauficha: radi. Magharibi mwa Kenya, kuanzia Kakamega hadi Kisii, ni kati ya sehemu zinazopigwa sana na radi nchini, na banda lililo wazi si kimbilio. Ngurumo ikisikika, mchezo usimame, watu waingie kwenye jengo lenye kuta au gari, na wasirudi uwanjani hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Hilo liandikwe kwa herufi kubwa kwenye bango. Banda lenyewe liwekwe kikinga radi: utepe wa shaba wa milimita 25 kwa 3 kutoka kileleni hadi ardhini, na upinzani wa ardhi, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, usizidi omu 10, upimwe Januari au Februari ardhi ikiwa kavu. Ukipimwa Mei, hata kazi mbovu itafaulu. Mahali ambapo mwamba uko karibu, fimbo ya shaba haizami. Basi utepe ulazwe kwenye mtaro wa mita kadhaa. Sehemu iliyo chini ya mita 3 ifichwe ndani ya bomba la plastiki, kwa sababu shaba ina wanunuzi.

Chumba cha kufunga kiwe cha mita 3 kwa 4 mwisho wa banda: wavu, mipira, viti, reki, drafti na bao za ajua kwa wazee. Mlango wake uwe na upana wa sentimita 90, na kutoka uwanjani hadi sakafu ya banda pawe na njia ya kiti cha magurudumu. Kwa kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Sakafu iliyoinuka sentimita 45 inataka mita 5.4, kwa hiyo ule mteremko mfupi mkali unaojengwa ili kuwaridhisha wakaguzi haumpandishi mtu. Vyoo viwe vya wanawake na wanaume mbalimbali, mita 30 kutoka kisima chochote. Mwamba ukizuia kuchimba, inueni choo juu kwa mashimo mawili mafupi ya kupokezana, yanayofunguliwa kwa nyuma kutolewa uchafu. Bembea za matairi zitobolewe chini, maji yasisimame na kuzaa mbu.

Nani atatunza? Kikundi kisajiliwe katika ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya sheria ya vikundi ya 2022, kisha kiandikiane mkataba na kaunti unaosema nani analipa nini. Kwa maoni yetu, kaunti itenge kila mwaka asilimia 3 ya gharama ya ujenzi kwa matunzo, na ada za harambee, arusi na matanga zimlipe mtunzaji. Ratiba ibandikwe ukutani, na saa za wasichana ziandikwe kwanza. Zisipoandikwa, wavulana wenye mpira watachukua jioni zote saba, na hakuna atakayesema wamekosea. Pia msikodishe banda kwa kanisa moja kila Jumapili mwaka mzima. Tunayaheshimu makanisa, ila mwaka wa tatu vitaonekana vipaza sauti vya kudumu, mwaka wa nne ukuta, na mwaka wa tano kufuli.

Mwisho ni kalenda, ambayo wengi hawaambiwi. Vikao vya Aprili vya bajeti huwa vimechelewa. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unapaswa kufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, kwa ajili ya fedha zitakazoanza kutumika Julai ya mwaka unaofuata. Kisichokuwemo humo ni vigumu kukiingiza Aprili. Kwa hiyo ombi lipelekwe Juni au Julai. Mapema zaidi, ulizeni kaunti kwa barua kiwanja kina hati ya jina la nani na kimewahi kutengewa pesa ngapi. Sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa maafisa siku 21 kujibu. Ombi lenyewe liambatanishwe na nakala ya upekuzi, mchoro wenye vipimo, picha za paa na nyufa, makadirio ambamo asbesto ina mstari wake, na mstari mwingine wa matunzo. Liitwe "uwanja na banda la burudani", lisiitwe "ukumbi wa kisasa". Nakala moja apewe mwakilishi wadi, nyingine ipelekwe ofisi ya mipango ya kaunti, na ya tatu, iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, ibaki kwenu.

Mafundi ujenzi na wapimaji ardhi,
Mbale, Vihiga